Mizani, Tembe na Daftari: Kufuatilia Uzani kwa Mwenye Tatizo la Tezi ya Thairoidi

Mazungumzo ya afya kwa wagonjwa wa kliniki za magonjwa ya muda mrefu na familia zao



Mada ya leo ni mizani. Kwa mtu anayeishi na tatizo la tezi ya thairoidi, mizani inaweza kuwa msaada mkubwa, na inaweza pia kumkatisha tamaa kabisa. Wapo wagonjwa wanaoacha tembe kwa sababu mizani haikushuka. Wapo wanaojiongezea tembe kwa sababu hiyo hiyo. Wa kwanza hurudi walikotoka: uchovu, baridi isiyoeleweka, uso uliovimba asubuhi. Wa pili huweza kufika hospitalini moyo ukienda mbio. Wote wawili waliiuliza mizani swali ambalo haina uwezo wa kulijibu peke yake.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake ni kama la kipepeo. Hutengeneza homoni zinazouambia mwili utumie nguvu kwa kasi gani. Homoni zikipungua, kila kitu hupoa: moyo hupiga polepole, choo huwa kigumu, ngozi hukauka, nywele hunyonyoka, hedhi huvurugika, na mtu huongezeka uzani hata kama hali zaidi ya kawaida yake. Zikizidi, mambo hugeuka: moyo hudunda, mikono hutetemeka, usingizi hupotea, jasho hutoka bila kazi, na mtu hukonda huku akila vizuri. Mazungumzo haya yanawahusu zaidi wale wa kundi la kwanza, ambao tezi yao imezembea. Wa kundi la pili wana sehemu yao mbele.

Watu wengi wakisikia thairoidi hufikiria rovu, yaani uvimbe wa shingo, na wakisikia rovu hufikiria chumvi. Hawajakosea, ila hadithi haiishii hapo. Ukosefu wa madini ya iodini ni sababu ya zamani ya rovu, na ndiyo maana chumvi ya kupikia inayouzwa Kenya hutiwa iodini kwa mujibu wa sheria. Hata ile inayovunwa Gongoni, Marereni na Kurawa, kule Magarini katika Kaunti ya Kilifi, hupitia kiwandani kabla ya kufika kwenye pakiti ya jikoni. Mahali ambapo watu wanapata iodini ya kutosha, sababu kubwa ya tezi kuzembea huwa nyingine: kinga ya mwili huishambulia tezi yenyewe. Daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliuandika ugonjwa huo mwaka 1912, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Wengine tezi yao huwa imeondolewa kwa upasuaji au imetibiwa kwa miale. Wengine ni dawa za magonjwa mengine, kama amiodaroni ya moyo au lithiamu ya maradhi ya akili, zilizoipunguza nguvu. Mtu wa namna hii hasaidiki kwa kuongeza chumvi kwenye chakula. Atapandisha presha tu.

Sasa swali ambalo kila mgonjwa huja nalo: je, ni kilo ngapi zimeletwa na tezi?

Jibu lake huwashangaza wengi, na ni heri likasemwa mapema, kabla mtu hajanunua mizani. Kwa kawaida tezi iliyozembea huongeza kilo 2 hadi 5 hivi, kutegemea jinsi ilivyozembea. Na sehemu kubwa ya kilo hizo si mafuta. Ni maji na chumvi ambavyo mwili umeshindwa kuvitoa. Ndiyo maana vidole huvimba hata pete ikakwama, na kope huonekana nzito asubuhi. Tembe zikianza kufanya kazi, maji hayo hutoka, na mizani hushuka. Kwa wagonjwa wengi upungufu unaotokana na dawa peke yake haufiki asilimia 10 ya uzani wa mwili.

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa ajili ya kuelewa hesabu. Mama wa miaka 38 anapimwa na kuonekana tezi yake imezembea sana. Siku ya kwanza ya tembe ana kilo 84. Kabla ya kujifungua mtoto wake wa kwanza alikuwa na kilo 71, na moyoni mwake ameshaamua kwamba kilo zote 13 zililetwa na tezi. Baada ya wiki 6 ana kilo 82.4. Baada ya wiki 12 ana 80.9. Anachangamka, ile leso ya usiku anayojifunika kwa baridi ameiacha, choo kimerudi sawa. Damu inapimwa na kipimo kinaonyesha tezi imesawazishwa. Wiki ya 16 ana kilo 80.7. Wiki ya 20 ana 80.9. Mizani imekwama.

Hapo ndipo penye njia panda. Mama huyu anaweza kuamua kwamba dawa imeacha kufanya kazi. Kwa kweli dawa imekwisha kufanya kazi yake: imetoa kile kilichokuwa cha tezi, kilo 3 na kidogo. Kilo zile nyingine 10 ziliingia kwa njia ambazo kilo huingilia kwa watu wote, miaka na mimba, sahani na kukaa, usingizi haba, na zitatoka kwa njia hizo hizo. Tembe hazizijui. Akijiongezea dozi ili zishuke, kitakachopungua ni misuli na mifupa, na kitakachoongezeka ni mapigo ya moyo.

Mgonjwa akiambiwa hivi siku ya kwanza, mwezi wa tano hautamvunja moyo. Asipoambiwa, hujiona ameshindwa, na pengine huona kwamba na daktari pia ameshindwa.

Kuna jambo la pili la kuelewa kuhusu tembe, nalo ni muda. Dawa inayotumika zaidi ni levothairoksini. Ni homoni ile ile inayotengenezwa na tezi, ila imetengenezwa kiwandani. Haifanyi kazi kama ya maumivu ya kichwa, unameza sasa na baada ya nusu saa umepona. Hukaa mwilini kwa muda mrefu: baada ya siku 7 hivi, nusu ya tembe iliyomezwa bado imo. Kwa hiyo dozi mpya huchukua wiki 6 hivi kutulia kwenye damu. Kabla ya hapo kipimo cha damu husema nusu ya habari. Na kwa kuwa kipimo kina gharama, ni vyema ijulikane: mwenye pesa ya kipimo kimoja asikifanye wiki ya pili. Akiweke wiki ya 6 hadi ya 8 tangu dozi ilipoanza au ilipobadilishwa. Dozi ikishatulia, daktari humwita mara moja kila miezi 6 hadi 12.

Kipimo chenyewe huitwa TSH, na huwachanganya watu kwa sababu kinasomwa kinyume. TSH haitoki kwenye thairoidi. Hutoka kwenye tezi nyingine ndogo chini ya ubongo, ambayo kazi yake ni kama ya msimamizi. Thairoidi ikizembea, msimamizi hupaza sauti, na TSH hupanda. Thairoidi ikizidisha, au mgonjwa akimeza tembe nyingi mno, msimamizi hunyamaza, na TSH hushuka. Kwa hiyo TSH ya juu maana yake homoni ni chache. Maabara nyingi huhesabu kati ya 0.4 na 4.0 kuwa kawaida kwa mtu mzima asiye mjamzito, na karatasi ya majibu huonyesha kiwango cha maabara husika.

Na tembe hizi hazipendi chai. Huenda hili ndilo linaloharibu matibabu ya wengi Kenya kuliko jambo jingine lolote, kwa sababu asubuhi bila chai ya maziwa si asubuhi. Levothairoksini humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Chai, kahawa, maziwa na uji wenye soya hupunguza kiasi kinachoingia kwenye damu. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo akina mama wengi hupewa, vile vya kalsiamu, na dawa za kiungulia vinatakiwa vitenganishwe nayo kwa saa 4. Asiyeweza asubuhi anaweza kumeza wakati wa kulala, mradi saa 3 zimepita tangu alipokula. Kitu muhimu ni saa ile ile kila siku. Pakiti ikae mahali pakavu, pasipo na joto wala mwanga. Rafu iliyo juu ya jiko haifai, na hata dashibodi ya gari haifai.

Sasa turudi kwenye mizani, maana hapa ndipo penye kazi ya kila wiki.

Mizani bora ni ile ile. Awe anatumia ya nyumbani, ya zahanati, ya mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka mtaani, au ya kijana aliyeketi kando ya barabara akipima watu kwa shilingi kadhaa, mgonjwa achague moja na asiiache. Mizani mbili zinaweza kutofautiana kwa kilo 2, na kilo 2 ndizo zinazotafutwa. Aliyepimwa kliniki akiwa amevaa viatu na buibui, kisha akajipima nyumbani na kanga moja, amepima nguo.

Mizani ya nyumbani iwekwe kwenye sakafu ngumu, ya saruji au vigae. Juu ya mkeka au zulia hudanganya, na juu ya udongo usio sawa hudanganya zaidi. Kuna njia rahisi ya kuijaribu. Pakiti ya unga ya kilo 2 inajulikana uzito wake, na beli zima lenye pakiti 12 lina kilo 24 za unga. Mwenye duka jirani hatakataa beli lake kupanda mizani dakika moja. Asiyekuwa na duka karibu atumie maji: lita 20 za maji zina kilo 20, na mtungi wenyewe hupimwa kwanza ukiwa mtupu. Mizani ikizidisha kwa kilo moja kila mara, si neno, mradi izidishe hivyo hivyo kila wiki. Ile inayosema 24 leo na 26 kesho kwa beli lile lile ndiyo ya kuachana nayo.

Siku ya kupima iwe moja kwa wiki, asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula au kunywa chochote. Nguo ziwe nyepesi na za aina moja. Kuna wanaopima kila siku, na wengine wanaweza kuvumilia hivyo, lakini kwa wengi ni kujitafutia huzuni. Uzani wa mtu hupanda na kushuka kwa kilo moja au zaidi kati ya siku na siku bila mafuta kuongezeka hata chembe. Karamu ya harusi yenye pilau na achari huacha chumvi mwilini, na chumvi hushika maji. Siku za kabla ya hedhi hushika maji pia. Choo kisipotoka kwa siku 3, kama ilivyo kawaida kwa mwenye tezi iliyozembea, mizani itaongeza na hilo. Kwa sababu hiyo, namba moja isibebe uamuzi. Namba 4 za wiki 4 zijumlishwe, zigawanywe kwa 4, na wastani huo ndio ulinganishwe na wa mwezi uliopita.

Mizani pia haijui kutofautisha maji, mafuta na misuli. Utepe wa fundi wa cherehani unajua kidogo zaidi. Mgonjwa asimame wima, apumue nje kawaida, na apitishe utepe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pande zote mbili. Utepe uguse ngozi bila kubana. Mara moja kwa mwezi inatosha. Kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani, kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 80, na cha mwanamume kikizidi 94, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huanza kupanda. Mara nyingi hutokea mizani ikakwama kwa miezi miwili huku kiuno kikipungua kwa sentimita 3, na mtu asingelijua bila utepe. Tahadhari moja: dera halionyeshi kitu. Ni vazi la heshima na la starehe, lakini mtu anaweza kuongezeka kilo 8 ndani yake asijue.

Kipimo cha tatu ni mapigo ya moyo, na hakihitaji chombo zaidi ya saa. Kabla ya kuinuka kitandani, vidole viwili vinawekwa kwenye mshipa wa mkono, chini ya kidole gumba, na mapigo huhesabiwa kwa dakika nzima. Kwa mtu mzima aliyepumzika kawaida ni kati ya 60 na 100. Linalotafutwa hapa ni mabadiliko. Aliyekuwa na 68 kwa miezi kisha akawa na 96 kwa wiki nzima ana jambo la kumwambia daktari, hata kama mizani inamfurahisha. Kwa kweli hasa kama mizani inamfurahisha.

Haya yote yaandikwe. Daftari la shule la kurasa 32 linatosha miaka kadhaa. Kila wiki mstari mmoja: tarehe, kilo, mapigo ya moyo, na siku ngapi za wiki hiyo tembe imemezwa vizuri. Kila mwezi, kiuno. Pembeni maneno machache: hedhi, safari, homa, msiba, karamu. Na kwa wino wa rangi nyingine, mambo mawili ambayo watu husahau kuandika: tarehe ya kila mabadiliko ya dozi, na matokeo ya kila kipimo cha TSH. Kama duka la dawa limebadilisha kampuni inayotengeneza tembe, nalo liandikwe, kwa sababu baada ya mabadiliko hayo daktari anaweza kutaka damu ipimwe tena.

Ile safu ya siku za tembe ndiyo inayoaibisha, na ndiyo yenye faida. Mgonjwa akiulizwa kliniki kama anameza dawa husema ndiyo, na hasemi uongo. Lakini daftari likionyesha 7, 5, 4, 6, 4, daktari anaelewa kwa nini TSH imepanda, na hatapandisha dozi ya mtu ambaye kwa kweli alikuwa anameza sehemu tu ya dozi. Bila daftari dozi hupandishwa, mgonjwa akarejea nyumbani akaanza kumeza kila siku kwa bidii mpya, na baada ya miezi miwili moyo unadunda.

Daftari likisomwa hivyo, mizani huanza kujibu maswali. Kama uzani umekwama na TSH iko juu, suala liko kwenye tembe: saa, chai, vidonge vya chuma, siku zilizorukwa, au dozi ndogo. Hapo mtu asijitese kwa kula kidogo. Kama uzani umekwama na TSH iko sawa kwa vipimo viwili, tezi imeshatimiziwa haja yake, na macho yageukie sahani, miguu na usingizi. Kama uzani unashuka haraka, mapigo yamepanda, mikono inatetemeka na usingizi umekimbia, huenda dozi imezidi. Huko si kupungua kwa kusherehekewa. Ni safari ya kliniki wiki hiyo hiyo. Na maumivu ya kifua, moyo unaokwenda bila mpangilio, au kuishiwa pumzi havingoji siku ya kliniki. Ni hospitali siku hiyo, hata usiku.

Kuhusu sahani, hakuna chakula maalumu cha thairoidi, ingawa soko limejaa wanaouza orodha zake. Kilo zilizobaki hutoka kwa hesabu ya kawaida. Mahamri mawili ya asubuhi yawe moja, wali wa nazi upungue na mchicha uongezeke, soda iwe maji, viazi karai viwe vya Ijumaa. Dakika 150 za kutembea kwa kasi katika wiki, zikigawanywa kwa siku 5, ni nusu saa kwa siku, na kwa wengi ni kushuka matatu vituo viwili kabla ya nyumbani. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Wa kilo 80 akipunguza 4 tu na akazishika, tayari presha na sukari huanza kumshukuru. Sukuma wiki na kabichi, ambazo wengi wameambiwa waziache, hazina shida zikipikwa na kuliwa kwa kiasi cha kawaida, mradi chumvi ya nyumbani ina iodini. Muhogo uwe umeandaliwa vyema na usiwe ndio chakula pekee.

Mwani ni jambo jingine. Akina mama wa Kibuyuni, Kwale, wanaulima na umewapa kipato, na hakuna ubaya kwenye sabuni yake. Lakini mwani una iodini nyingi sana, na unga wake ukinywewa kila siku kama dawa ya kupunguza mwili unaweza kuivuruga tezi iliyokwisha kuwa mgonjwa. Mwenye thairoidi asiuanze bila kumwuliza daktari. Vivyo hivyo vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini: haviidhuru tezi, ila huweza kukipotosha kipimo cha damu, kikaonyesha jambo lisilokuwepo. Maabara iambiwe kabla ya kutolewa damu.

Wale ambao tezi yao ilikuwa imezidisha kasi wana mizani ya kinyume. Walikonda kwa ugonjwa, majirani wakawasifu au wakawasengenya. Wakitibiwa, uzani hurudi, na mara nyingine hupita pale ulipokuwa kwa sababu hamu ya kula ya siku za ugonjwa imebaki na mwili umepunguza mwendo. Kuongezeka mwanzoni ni dalili kwamba matibabu yamefanya kazi. Kwao daftari lianze siku ya kwanza ya dawa, ili ijulikane kilo zinazorudi ni zile zilizopotea au ni mpya. Na wakianza kusikia baridi, kuchoka na kuvimba uso, kipimo kirudiwe, maana matibabu ya miale au ya upasuaji mara nyingi huiacha tezi ikiwa imezembea, na hapo wanahamia kundi la kwanza.

Mwezi wa Ramadhani huleta maswali kila mwaka. Anayefunga anaweza kumeza tembe usiku, saa 3 au zaidi baada ya futari, au akaamka mapema kidogo akameza kwa maji nusu saa hadi saa nzima kabla ya daku. Asiimeze pamoja na tende na chai ya futari. Achague wakati mmoja na daktari wake na aushike mwezi mzima. Uzani wa mwezi huo uandikwe, lakini usilinganishwe na wa mwezi mwingine, kwa sababu maji na saa za kula vimebadilika. Wastani mpya uanze wiki 2 baada ya Idi.

Mama akishika mimba, mizani huwekwa kando na daftari hubaki. Mahitaji ya homoni hupanda mapema sana, mara nyingi kwa robo ya dozi au zaidi, na mtoto hutegemea homoni ya mama katika miezi ya mwanzo, ubongo wake ukiwa unaundwa. Akikosa hedhi na akajua yumo kwenye tembe za thairoidi, aende kliniki wiki hiyo hiyo, asingoje siku aliyopangiwa. Kamwe asiache tembe kwa hofu kwamba zitamdhuru mtoto. Hatari iko katika kuziacha.

Baki neno kuhusu tembe za jirani. Zipo nyumba ambamo dada mwenye thairoidi hupungua kilo 4, na dada asiye na thairoidi huomba vidonge viwili vitatu ili naye apungue. Levothairoksini haikutengenezwa kwa ajili ya kupunguza mwili wa mtu mwenye tezi nzima. Kwa dozi ya kawaida haimpunguzi, na kwa dozi kubwa inaweza kumwua. Anayetaka kujua kama uzani wake una uhusiano na tezi atoe damu, apimwe TSH. Na anayekuja kliniki tarehe ijayo aje na daftari lake, pakiti ya tembe anazotumia sasa, na karatasi ya kipimo cha mwisho. Kama aliondoka nyumbani alfajiri na bado hajameza tembe ya siku hiyo, amwambie mtoa damu, kisha ameze akishatolewa damu, kwa maji, na chai ingoje nusu saa.